Mkufunzi wa Ghala la Pamba

Alikuwa hawezi kukaa. Kiti chake kilikuwepo, cha mbao, chenye mto alioshonewa na mke wa karani wa kozi, lakini katika miezi kumi na minne niliyosoma kwake sikumbuki mto ule ukipata joto. Alifundisha akitembea. Aliandika neno moja ubaoni, akavuka chumba hadi dirishani, akatazama barabara ya kwenda mpakani kana kwamba kuna mtu anachelewa kufika, akarudi na kulifuta lile neno kwa kiganja kabla hatujamaliza kulinakili. Chai aliinywa mlangoni. Somo likimkolea alitoka nje bila kutuaga, nasi tukajua kwamba tunatakiwa kumfuata. Watu wa Busia walizoea kuona vijana kumi na wawili wenye madaftari wakimkimbilia mwanamke mfupi aliyevaa viatu vya kamba, ambaye alikuwa akizungumza mbele yao bila kugeuka.

Tulimwita Mkufunzi. Sokoni walimwita mama wa darubini. Alikotoka kila mtu alikuwa na habari yake: wengine walisema ni mtu wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda, aliyekimbia vurugu za huko, wengine kwamba ni Msamia aliyesomea mbali, na Rajabu, mwenzetu ambaye baba yake alikuwa na malori mjini, aliapa kuwa alimsikia akigombana na dereva kwa Kiteso safi. Yeye akiulizwa alisema ni mtu wa hapa barabarani, kisha akauliza kazi ya jana imefika wapi. Kwa hiyo habari za ukoo wake sina.

Kozi yenyewe ilikuwa kitu kigeni. Siku zile utafiti ulikuwa ukifanywa kwetu: wa ukoma upande wa Alupe, wa malale kwenye vijito, wa malaria kila mahali palipo na maji yaliyotuama. Wataalamu walikuja, wakatoboa watu vidole, wakahesabu nzi, wakaondoka, na matokeo yakabaki kwenye makabati yakiwa kwa Kiingereza. Mtu fulani kwenye ofisi ya afya aliona ni vyema wapatikane watu wa kuyatoa kabatini na kuyapeleka sokoni, kanisani, msikitini na kwenye baraza za chifu, na watu hao wafundishwe kazi hiyo kama fundi anavyofundishwa ufundi. Kazi ikaitwa uelezaji, nasi tukawa waelezaji. Wawili wetu walikuwa wasaidizi wa maabara, mmoja aliwahi kuwa karani wa chifu, wengine tulikuwa tumemaliza shule hatuna la kufanya. Tulipewa ghala la zamani la pamba karibu na mji. Nyuzi nyeupe zilikuwa bado zimekwama kwenye nyufa za mbao, na upepo ukivuma zilitutua kichwani, tukaonekana wazee.

Siku ya kwanza tulitarajia atatueleza maana ya sayansi. Alitupeleka sokoni. Kila mmoja alipewa jambo moja la kumweleza mtu mmoja. Langu lilikuwa kuchemsha maji ya kunywa, na mtu wangu alikuwa mama mmoja aliyeuza samaki wakavu, mpole, ambaye alinisikiliza huku akifukuza nzi kwa gazeti. Nilimweleza habari za vijidudu vinavyokaa kwenye maji ya mtungini, visivyoonekana kwa macho. Nilieleza vizuri. Alinishukuru. Nilirudi ghalani nikiwa nimejawa na furaha, nikaanza kumsimulia Mkufunzi nilivyosema, akaninyamazisha kwa mkono.

"Usiniambie ulisema nini," alisema. "Kesho urudi, umuulize alisikia nini. Hiyo ndiyo utaniletea."

Kesho yake nilirudi. Yule mama alikuwa na furaha kuliko mimi. Aliniambia kwamba alisikia vizuri sana kuwa mtungi wake ni mbaya, una wadudu, basi alimpa jirani mtungi wote, na yeye sasa anateka maji kisimani na kunywa hapohapo yakiwa baridi.

Nilidhani Mkufunzi atacheka. Hakucheka. Alinituma kwa yule jirani, kisha kwa yule mama tena, na siku iliyofuata tena, mpaka nilipoacha kuanza na vijidudu nikaanza na sufuria. Kazi hiyo ya kumweleza mtu mmoja ilinichukua siku tisa. Nikakonda. Wenzangu nao walikuwa hivyohivyo, kila mmoja anamrudia mtu wake, na soko zima likajua kwamba tumeadhibiwa.

Alikuwa na maneno yake ambayo hata leo nikiwa nafundisha wengine yananitoka mdomoni bila kualikwa. Alisema kwamba "sijui" ni jibu zima, halihitaji mkia. Alisema mtu akiitikia kwa kichwa mara tatu mfululizo ujue ameacha kusikiliza. Alisema kuwa ukitaka kujua kama umelielewa jambo, jaribu kulieleza kwa mtu aliyebeba mzigo kichwani, kwa sababu huyo hatakungoja. Jambo hilo la mwisho alilifanya kuwa mtihani. Tulisimama kando ya njia ya Malaba tukawaeleza wanawake waliobeba kuni jinsi malale yanavyoingia mwilini, tukitembea nao, na anayemaliza kabla mama hajafika kwake ndiye aliyefaulu.

Kiswahili chake kilikuwa cha kukwaruza. Alisema "maji moto yenye imechemka" na "watu mingi", na Rajabu, aliyekulia kwenye madrasa ya mjini na kukijua Kiswahili kuliko sisi sote, aliumia kila asubuhi. Siku moja alithubutu kumsahihisha. Mkufunzi alimtazama, akatafuna buni za kahawa alizokuwa nazo mfukoni daima, zile kavu zinazouzwa na Waganda, akasema, "Ngeli haijaua mtu." Tukacheka. Lakini tulipompelekea karatasi tulizoandika za kubandikwa zahanati, mwanamke huyohuyo alizichora wino mwekundu kutoka juu hadi chini. Alimrudishia Rajabu karatasi moja mara sita kwa sababu ya neno "huenda". Alitaka kujua huenda hiyo ni ya mtafiti au ni ya Rajabu. Kama ni ya mtafiti ibaki, kama ni ya Rajabu anayeogopa kusema, aifute.

Wataalamu wenyewe hawakupona mikononi mwake. Alikuja bwana mmoja wa mbung'o, yaani mtaalamu wa wale nzi wanaoleta malale, amevaa soksi ndefu, ana karatasi ya kurasa arobaini. Mkufunzi aliichukua ile karatasi, akaikalisha kwenye kile kiti chake, akamwambia bwana yule aende akamweleze mwuza samaki wangu bila karatasi. Yule bwana alicheka kwanza. Kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Alieleza kwa Kiswahili chake cha kutafutatafuta: wanatega mitego asubuhi kando ya kijito, wanahesabu nzi walioingia, na nzi ni wachache, kwa hiyo hatari imepungua. Mwuza samaki alimwuliza kwa nini anatega asubuhi. Akasema ndio utaratibu. Mama akamwambia kwamba kina mama hawaendi mtoni asubuhi. Wanaenda jioni jua likilegea, kufua na kuoga, na nzi wanawauma jioni hiyo. Yule bwana alirudi ghalani, akachukua karatasi yake kitini, na wiki hiyo mitego ikaanza kutegwa jioni. Mkufunzi hakumsifu mama wala hakumlaumu bwana. Alisema tu kwamba kueleza ni njia ya kwenda na kurudi, kisha akatoka nje.

Angurai ndiko nilikomwona amekasirika kweli. Tulikuwa tumepeleka darubini kwenye uwanja wa soko, watu waone wenyewe kilichomo kwenye tone la maji ya bwawa. Ekisa, kijana wa huko na hodari wetu, ndiye aliyekuwa akiwaelekeza watu kwa Kiteso. Mzee mmoja aliinama kwenye darubini akasema anaona majani meusi yanatikisika. Ekisa akafurahi, akatangaza kwamba ndivyo, hao ndio wadudu, na watu wakaguna kwa hofu. Wakapiga foleni. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kabisa mpaka Mkufunzi aliposogea, akainama mwenyewe, akainuka, akamwambia mzee yule mbele ya watu wote kwamba alichoona ni kope za macho yake. Mtu asiyezoea darubini huona kope zake. Akamfundisha aweke jicho mbali kidogo, na mzee alipoona tone lenyewe akasema kwa masikitiko kwamba halina kitu cha kutisha, ni viduara tu. Watu wengi wakaondoka.

Tukiwa njiani kurudi Ekisa alijitetea. Alisema walikuwa wameamini, na kuamini kulikuwa kwa faida yao. Mkufunzi alimwambia kwamba amemdanganya mzee wa watu kwa kuwa mzee alimfurahisha. Alisema siku mzee atakapogundua, hataacha kuamini kope tu, ataacha kuamini maji, dawa na sindano vyote pamoja. Tulitembea saa nzima, na mwendo wake ulikuwa wa haraka hivi kwamba darubini tulilazimika kupokezana.

Hata hivyo nilijua jambo lake moja ambalo wenzangu hawakulijua. Tulizoea kwenda Alupe kuwatembelea wagonjwa wa ukoma, kwa sababu alisema huwezi kueleza ugonjwa ambao hujaushika mkono. Aliwasalimu wote kwa mkono, wenye vidole na wasio navyo, akanywa uji kwenye vikombe vyao, akatutazama mmoja mmoja mpaka nasi tukanywa. Alitufundisha kuwa ukoma hauambukizwi kwa urahisi, na anayetumia dawa hamwambukizi mtu. Siku moja nilirudi kuchukua kofia yangu niliyoisahau, nikamkuta nyuma ya jengo, kwenye bomba. Alikuwa ananawa. Alikuwa amejipaka sabuni hadi kwenye viwiko, anasugua, anasuuza, anapaka tena. Aliponiona hakuacha. Aliendelea mpaka alipotosheka, akajipangusa kwa kanga, akaniambia, "Kichwa inajua. Mikono bado."

Nilingoja awaambie wengine darasani, kwa kuwa yeye ndiye aliyetulazimisha kukiri kila tusichokijua na kila tunachokiogopa. Hakuwaambia. Nami sikusema. Kwa muda nilijiona nimepewa heshima, kisha nikaanza kuona nimebebeshwa kitu.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa wasiwasi. Mpaka ulifungwa wiki hii ukafunguliwa ijayo, malori yalijipanga Malaba hadi madereva wakaanza kulima bustani za mchicha kando ya magurudumu, na watu walivuka kwa njia za panya wakiwa na habari zisizofanana. Kisha mvua ikaja. Mto Nzoia ukavunja kingo kule Budalang'i, kwetu, maji yakaingia mashambani na vyooni na visimani, na baada ya siku chache watu wakaanza kuhara. Wasaidizi wa maabara walituma vijichupa vya choo cha wagonjwa vikapimwe. Jumanne majibu yalirudi, na sisi waelezaji tukaambiwa kabla ya mtu mwingine yeyote kwa sababu ndio tuliotakiwa kwenda. Kilikuwa kipindupindu.

Saa hiyohiyo barua ikafika kutoka ofisi ya juu. Mkufunzi aliisoma akiwa ametupa mgongo, uso dirishani. Ilisema kwamba jina hilo lisitamkwe hadharani mpaka itakapotolewa ruhusa, kwa sababu ya biashara ya samaki na hali ya mpaka. Waelezaji waseme ni ugonjwa wa tumbo wa kawaida wa majira ya mvua na wahimize usafi.

Alikunja barua. Tulimngojea. Mimi nilikuwa na hakika kwamba ataichana, kwa kuwa ndivyo nilivyomjua. Badala yake alisema kwamba tutafanya kama tulivyoambiwa, mpaka tuambiwe vingine, na kwamba akipinga leo kozi itafungwa kesho na hapatakuwa na wa kwenda kabisa. Alisema haraka, kama mtu anayesoma orodha.

Ekisa akauliza, "Na wakituuliza kama ni kipindupindu?"

"Mtasema hamjui."

Nilikwenda Budalang'i Jumatano. Nilipanda mtumbwi kutoka pale barabara ilipoishia, nikapita juu ya shamba la mihogo la mjomba wangu, nikafika kwa mama. Nyumba yetu ilikuwa kwenye kiinuko, maji hayakuwa yameingia, na mama alikuwa akiishi na mdogo wake, mama mdogo wangu, ambaye mumewe alikuwa amefariki na ambaye ndiye aliyenilea nilipokuwa mdogo na mama anauza samaki. Wote wawili walifurahi kuniona na mkoba wa kazi. Mama mdogo aliugusa ule mkoba, akauliza kama ndani mna darubini. Nikawaeleza kila nilichotumwa: ni tumbo la kawaida la majira ya mvua, wachemshe maji, wanawe mikono, wasile vilivyopoa. Nilieleza vizuri, safari hii nikianza na sufuria.

Mama alikuwa akinitazama. Alikuwa ameona watu wakizikwa mtaa wa pili. Akaniuliza, "Hii si kipindupindu?"

Nikamwambia sijui.

Nililala hapo, na kulipokucha nikaendelea na safari kwenye vijiji vya mbele. Alhamisi hiyo mama mdogo akaanza kuhara. Kwa kuwa walijua ni tumbo la kawaida, walimpa majani ya kuchemsha, wakangoja mvua ikatike ndipo watafute mtumbwi. Mvua haikukatika. Ijumaa mchana alikuwa amekwisha, amekauka kama mtu aliyetembea jangwani, na mpaka mtumbwi ulipopatikana ulikuwa wa kubebea maiti. Nilirudi Jumamosi nikakuta udongo wa kaburi bado unatona maji.

Jumatatu niliingia ghalani nikiwa nimechelewa. Mkufunzi alikuwa ameshaambiwa habari za msiba. Aliniuliza jambo moja tu, kama mama alikuwa ameniuliza ni ugonjwa gani. Nikasema aliniuliza. Akauliza nilimjibu nini. Nikasema nilimjibu alivyotufundisha.

Alitoka. Hatukumfuata. Tulimwona kupitia dirishani akienda barabarani, akirudi, akienda tena, mpaka saa sita. Jumanne alichukua kipaza sauti cha ofisi na gari la ofisi bila kuomba kibali, akaenda Budalang'i, akasimama kwenye baraza la chifu akatamka jina. Alisema kipindupindu mara nyingi, kwa Kiswahili na kwa Kinyala chetu alichokikwaruza, akaeleza mtu anavyokauka, maji yanayotoka kama ya mchele, chumvi na sukari ziwekwe kiasi gani kwenye maji ya kumnywesha, na kwamba mgonjwa asingojewe hata mvua ikinyesha mawe. Watu walisikia. Alikaa huko wiki mbili, nasi tukaenda kumsaidia mmoja baada ya mwingine, hata Rajabu ambaye baba yake alimkataza. Wagonjwa walianza kuletwa mapema, wakiwa bado wanaweza kusema majina yao. Maziko yakapungua, kisha yakaisha.

Ile siku ya mwisho ya maradhi barua nyingine ilimfikia. Hakutusomea. Aliondoa chaki zake mezani, akamwachia karani mto wa kiti, akaondoka Busia kwa lori la mahindi. Kozi iliendelea miezi michache chini ya bwana mmoja aliyetufundisha kutoka kitabuni, kisha ikafungwa, na ghala likarudishiwa pamba.

Hakuwahi kuniomba msamaha. Hakuniambia pole ya msiba, hata ile ya kawaida anayosema mtu akipita. Zile wiki mbili tulizokuwa naye Budalang'i alinipa kazi za mbali na yeye, na tukikutana alitazama viatu vyangu. Watu walimsifu kwa ujasiri, na walikuwa na haki, kwa kuwa wako walio hai leo kwa sababu yake. Mimi nilihesabu siku. Kutoka Jumanne ya kwanza hadi Jumanne ya pili ni siku saba, na mama mdogo wangu alikufa katikati yake. Nilimkasirikia mwanamke aliyejua kueleza kila kitu kwa kila mtu, lakini hakupata la kunieleza mimi. Na chini ya hasira hiyo kulikuwa na jambo nililoliepuka, kwamba aliyeulizwa na mama si yeye, ni mimi.

Miaka mitatu ikapita. Niliajiriwa kama mwelezaji kwenye zahanati moja Malaba. Mwishoni mwa mwaka ule utawala wa ng'ambo ya mpaka ulipoanguka, watu waliokuwa wamekimbilia kwetu walikuwa wakirudi kwao kwa makundi, na kazi yangu ilikuwa kuwaeleza wanaovuka juu ya surua na chanjo kabla hawajafika kizuizini. Asubuhi moja nikaona foleni, na kando ya foleni mwanamke mfupi akienda mbele na kurudi nyuma, amemwachia mtu mwingine sanduku lake la bati alilinde. Nywele zilikuwa zimeota mvi. Nilifikiri nijifiche ndani ya zahanati. Alikuwa ameshaniona.

Tulisalimiana. Alinisikiliza nikimweleza mama mmoja habari za surua, akanisahihisha sehemu moja, na nilikubali kwamba alikuwa sahihi, jambo lililoniudhi. Aliniambia kuna hospitali ya misheni upande wa pili inayotaka kufungua darasa la waelezaji na wamemwita. Aliuliza habari za Ekisa, nikamwambia ni mwalimu wa sayansi kwao Angurai. Aliuliza habari za Rajabu, nikamwambia anaendesha malori ya baba yake. Foleni ikasogea. Alimwashiria yule aliyemlindia sanduku asogee nalo.

Kisha akaniambia, akitazama upande wa daraja, kwamba alikwenda kwa mama yangu.

Sikumwelewa. Alisema alikwenda mwaka uleule wa mafuriko, maji yalipokauka, kabla hajapata kazi nyingine. Alimweleza mama habari yote: majibu ya Jumanne, barua, na yeye alivyotii. Alimwambia kwamba yeye ndiye aliyeficha jina la ugonjwa, na kwamba kama lingetajwa siku ile mdogo wake angepelekwa mapema. Mama alimsikiliza, akampa maji ya kunywa, hakumfukuza.

Nilimwuliza kwa nini mama hakuniambia hata siku moja.

"Sijui," alisema. "Lakini kuna mahali moja nilimdanganya. Nilimwambia nyinyi wanafunzi hamkuambiwa. Nilimwambia wewe ulikuwa hujui."

Nilisema, kwa sauti iliyopanda kuliko nilivyotaka, kwamba sikumwomba afanye hivyo.

"Hukuniomba. Nilitaka abaki na mtoto."

Watu walikuwa wakitusukuma. Alisema hajawahi kulala vizuri na neno lile, kwamba mara mbili alipanda gari la kwenda kulirekebisha akashuka njiani, na kwamba sasa anavuka na pengine hatarudi. Alisema kuliacha au kulitoa ni juu yangu, mimi ndiye ninayemjua mama yangu. Halafu akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu, una nguvu. "Pole ya mama mdogo," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu mafuriko akanitazama usoni. Askari wa kizuizi akamwita mwenye sanduku la bati. Akaenda.

Jumamosi nilipata ruhusa, nikapanda gari la Busia, kisha lingine, kisha nikatembea. Mama alikuwa uani anaparua magamba ya samaki. Nilimwambia kwanza nimekutana na yule mwanamke, akasema anamkumbuka, ni mtu mwenye haraka. Nikamwambia kwamba sehemu moja ya aliyoambiwa haikuwa kweli. Nikamwambia ile siku aliponiuliza nilikuwa najua.

Kisu hakikusimama. Alimaliza ubavu mmoja wa samaki, akamgeuza.

"Ulijua tangu siku gani?"

"Jumanne."

"Hapa ulikuja Jumatano."

"Nilikuja Jumatano, mama."

Aliweka kisu chini. Mikono yake ilikuwa imejaa magamba, na mimi nikabaki nimesimama kwa kuwa hakuwa ameniambia niketi. Kisha akaanza kunisimulia ile Alhamisi na ile Ijumaa. Alinisimulia saa kwa saa, majani aliyoyachemsha, mdogo wake aliyoyasema, alivyoomba maji na jinsi alivyonitaja, mambo ambayo kwa miaka mitatu hakuwa amemsimulia mtu. Nilimsikiliza mpaka mwisho, na sikumkatiza.